Tawi Lililofika na Majani Yake

Juzi mlinzi wa bweni letu alichoma kipande cha tairi nyuma ya mabafu, kwa sababu msichana mmoja wa kidato cha kwanza alisema ameona nyoka. Huku Handeni watu wanaamini nyoka hapendi harufu ile. Sijui nani anaipenda. Wenzangu walikimbia wameziba pua kwa kanga, mmoja akikohoa kwa maringo kama anayetaka apelekwe zahanati. Mimi nilisogea. Nikasimama karibu na moshi mpaka macho yakaanza kuwasha, na mlinzi akaniangalia kana kwamba nyoka mwenyewe ni mimi.

"Wewe binti, toka hapo. Moshi huo mbaya."

Sikumjibu. Mimi si mtu wa kujibu, ni mtu wa kuandika baadaye. Basi naandika. Na wewe, kama una umri wangu na umewahi kumchunguza mtu mzima wa nyumbani kwenu kama polisi, bila yeye kujua na bila wewe kuwa na mahali pa kupeleka kesi, utanielewa.

Harufu ile ni ya Hoza. Hoza ni mume wa mama yangu.

Kabla yake kulikuwa na baba. Baba alikuwa dereva wa bodaboda hapa hapa Handeni, na ninachokumbuka kwake ni kidogo: mgongo wa shati uliojaa upepo akiondoka, na matuta ya barabarani. Alikuwa ananipakia mbele, juu ya tangi, halafu anayaendea yale matuta bila kupunguza. Tukiruka, ananiuliza sikioni, "Limepanda?" Alikuwa anauliza tumbo. Na mimi najibu kwa kelele, "Limepanda!" Mama akitusikia kutoka uani anasema tu, "Haya. Endeleeni."

Alikufa njia ya Segera, peke yake, kwenye kona. Hakugongana na mtu. Kwenye msiba wanawake walisema maneno yale yale kwa zamu, kama wanapokezana sufuria: "Alipenda mwendo." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajalia tangu asubuhi, akamgeukia bibi akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mtu anapenda mwendo ili iweje?"

Bibi alimfunika kichwa vizuri. Mimi nilikuwa nimelala pajani kwa mama najifanya nimesinzia, na lile swali likaniingia na kukaa. Ili iweje?

Miaka ikapita. Mama alianza kuuza machungwa Segera, pale mabasi yanaposimama, na pale ndipo alipokutana na Hoza, aliyekuwa anapeleka ndizi kutoka Vugiri. Alikuwa Msambaa wa milimani, mwembamba, mpole mno. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi wa kwanza. Nilikuwa darasa la nne na nilishaamua kwamba mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa ana kitu amekificha.

Siku ya kuzungumza mahari nilikaa nyuma ya pazia. Upande wetu alizungumza mjomba. Walipofika kwenye mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, mjomba akakohoa.

"Mkaja mtauacha," akasema. "Dada yangu ameongea na mama yake, wamekubaliana. Badala ya mkaja anataka neno moja."

"Neno gani, shemeji?" wakauliza wageni.

"Anasema, huyu bwana asishuke mlima na mzigo hata siku moja bila kuburuta tawi."

Wazee wetu wakatazamana. Sisi ni watu wa tambarare. Mmoja akauliza, "Tawi la nini? Anafagia barabara ya serikali?" Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ikabidi mzee aliyekuja na Hoza aeleze: kule kwao wanaoshusha ndizi kwa baiskeli hufunga tawi kubwa nyuma, linaburuta chini, linashika baiskeli isikimbie, maana breki za mikono kwa mzigo ule ni mapambo tu. Hoza mwenyewe hakucheka. Alisema, "Nimekubali. Nitaburuta." Nami nikamwangalia kwenye tundu la pazia, nikaona anasugua vidole vya mguu.

Tukahamia kwake, chini ya mlima upande wa Korogwe, mahali ambapo barabara ya vumbi inayotoka Vugiri inamaliza kona zake na kuingia kwenye nyumba. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo ukitaka kuona mbingu lazima uinue shingo. Alasiri wanaume walikuwa wanateremka mmoja mmoja, mikungu imefungwa kwenye baiskeli mpaka mtu haonekani, na nyuma tawi linalia kwenye vumbi, khrrrr, unalisikia kabla hujamwona mwenyewe. Wakifika chini wanalifungua na kulitupa. Kufikia hapo si tawi tena. Majani yamebaki njiani, gome limechunika, kimebaki kijiti chenye ndevu. Watoto tunakimbilia kuokota kuni.

La Hoza nilikuwa nalipokea mimi. Ndiyo kazi niliyopewa: nifungue kamba, nipeleke kuni jikoni. Hatukuwa tunaongea. Mama alitaka nimwite baba, mimi nikapata njia ya kutomwita kitu chochote: namsubiri aniangalie ndipo naongea.

Siku moja nilikuwa na Zaina, mtoto wa jirani, msichana ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Akasimama mikono kiunoni akiliangalia tawi letu.

"Wewe Mzigua, hebu njoo uone. La baba yangu likifika ni fagio. La kwenu likifika ni bustani."

Nikaliangalia. Lilikuwa tawi la mfenesi, zito, na majani yake yalikuwepo karibu yote, ya kijani, yanang'aa. Upande mmoja tu ndio uliochakaa kidogo.

"Labda anaendesha pole pole," nikasema.

"Pole pole ndiyo linachakaa zaidi, mjinga wewe. Linakaa chini muda mrefu." Akanyofoa jani akamtupia mbuzi. "Ndiyo maana mbuzi wenu wana matako."

Ni kweli. Mbuzi watatu wa Hoza walikuwa wamenona kuliko mbuzi wote wa pale. Kila alasiri waliponiona na tawi walikuwa wanakuja kwa mbio, na mimi niliwapa yale majani bila kuwaza. Kuanzia siku ile nikaanza kuwaza, na nikianza huwa siachi.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Tawi lililoburutwa mlima mzima haliwezi kufika na majani. Kwa hiyo halikuburutwa. Kwa hiyo Hoza hatoki mlimani. Anatoka mahali pa tambarare, analikata tawi hapo karibu, analifunga, anakuja nalo hatua chache ili tuone. Na mwanamume anayedanganya anakotoka anatoka wapi? Handeni nilishasikia wanawake wakisuka ukili na kusema. Anatoka kwa mwanamke mwingine.

Ushahidi ukaanza kujileta wenyewe. Macho yake yalikuwa yanafika mekundu, na machozi yamekaukia kuelekea masikioni, si mashavuni kama ya watu wengine. Nikajiuliza, analala ubavu akilia? Akipewa maji, kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi, na baada ya kunywa anashusha pumzi na kuiangalia nyumba, mbuzi, mama, kama mtu aliyerudi safari ya mbali na kukuta vyote vipo. Makatambuga yake, yale ya tairi, la kushoto lilikuwa nene na la kulia limelika mpaka mguu unakaribia kuona barabara. Na alikuwa ananuka. Nilimsogelea makusudi nimnuse pombe, maana mlimani wana boha ya miwa, na Mwislamu akinywa anajificha. Haikuwa pombe. Ilikuwa harufu ya tairi kuungua. Nikalala nikiwaza ni mwanamke wa namna gani huyo, anayepikia matairi.

Mama sikumwambia. Nilikuwa namwona ana furaha, au nilidhani. Tangu tuhamie alikuwa ameanza tabia mpya ya kula pilipili. Handeni hakuwa mlaji wa pilipili hata kidogo. Kule, kila baada ya sala ya alasiri, alikuwa anatoa kigoda mlangoni mwa jiko, anakaa uso umeelekea barabara, na kipande cha embe bichi au muhogo wa kuchoma, na pilipili mbichi mkononi. Anazitafuna hivi hivi kama karanga. Machozi yanamtoka, pua inamtoka, anajifuta kwa upande wa kanga na kuchukua nyingine.

"Mama, haiwashi?"

"Inawasha vizuri."

Mama Zaina akipita njiani alikuwa anampigia kelele, "Mama Rehema! Pilipili hizo na embe bichi, mtoto wa kiume huyo! Tuandae uji?" Na mama anacheka huku analia, anapunga mkono. Nikasema moyoni, basi ni chakula cha milimani, watu huku wanapenda kuwashwa.

Likizo ilipofika nikaamua kumaliza kesi. Nilimwambia mama ninakwenda kuokota kuni na Zaina, na kweli tulikwenda, ila mimi ndiye niliyechagua njia, nikachagua ya juu. Zaina alikuwa ananicheka njia nzima. "Nyie watu wa tambarare mkiona kichuguu mnatafuta ngazi." Tulipofika juu ya ile sehemu inayoitwa Mserereko nikamwambia nimechoka, aendelee, nitamsubiri. Akaenda akiimba.

Mserereko ni kipande kimoja kilichonyooka kati ya kona na kona. Ukisimama juu unaona paa za nyumba zetu chini kama vifuniko vya chupa, na barabara inaporomoka mbele yako kama imekosewa kuchorwa. Nilijibanza chini ya ukingo, kwenye magugu. Wakapita watu wawili na matawi yao, khrrrr, vumbi likanijaa mdomoni. Halafu nikamwona Hoza.

Kwa hiyo alikuwa anatoka mlimani. Kesi yangu ikafa palepale, na kabla sijajua kama nifurahi au nisikitike, akasimama. Akashuka. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, kama mwizi wa kuku. Akafungua kamba, akalinyanyua lile tawi, akalilaza juu ya mikungu na kulifunga. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. Akaachia.

Sijui nieleze vipi. Yule mtu wa pole pole, anayekula bila kugonga kijiko, alipita mbele yangu kama jiwe lililorushwa. Mguu wa kulia ulikuwa umeegeshwa kwenye tairi la mbele, katambuga linatoa moshi, na mdomo wake ulikuwa wazi na alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka kichekesho. Alikuwa anacheka kama mtoto mchanga anayerushwa juu na mjomba wake, kicheko kisicho na mtu wa kukisikia. Machozi yalikuwa yanaburutwa na upepo kuelekea masikioni.

Pale ndipo aliponiona. Nadhani nilikuwa nimesimama bila kujua. Moshi wa katambuga ukazidi, baiskeli ikayumba, ikaenda ikaenda, ikasimama mbali karibu na kona. Akaiegesha kwenye ukingo, akapanda kuja kwangu kwa miguu, anahema.

Kwa hofu nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba." Akafikicha macho. "Uko hapa tangu saa ngapi?"

Nikapangusa vumbi mdomoni.

"Umeona nini, Rehema?"

"Tawi liko juu ya ndizi."

Akageuka kuliangalia, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeliweka. "Ni hapa tu," akasema. "Kule kwenye kona nalifunga, linaburuta vizuri. Ni hapa tu paliponyooka."

"Nilidhani una mwanamke mwingine." Ilinitoka yenyewe. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

"Mwanamke mwingine!" Akacheka, kile kicheko kingine, cha nyumbani. "Nimpe nini? Maganda ya ndizi?" Halafu akaona sicheki, akakaa chini kwenye ukingo, akavua lile katambuga na kulipuliza.

"Kwa nini sasa?" nikauliza.

"Sijui." Akalipuliza tena katambuga. "Nikifika pale juu huwa nasema, leo hapana. Halafu mkono unafungua kamba. Nikiachia, tumbo linapanda mpaka hapa." Akagusa chini ya koo. "Pale hakuna unachowaza. Huwazi mvua, huwazi bei, huwazi mtu. Ukifika chini unakuta vitu vyote vimeoshwa. Hata maji ya mtungi yana utamu, walahi. Nikikunywesha uchungu muda ule utaniambia asali."

"Na ukifa?"

"Mbona sijafa."

"Baba yangu naye alikuwa hajafa."

Aliacha kulipuliza katambuga. Kwa mbali nilimsikia Zaina akivunja kuni na kuimba. Hoza aliangalia mikono yake, na aliposema tena, alisema kama mtu anayejitetea kwa watu wengi kuliko mimi.

"Mama yako naye mbona anakula pilipili mpaka analia, na kesho anarudia? Kuna anayemlazimisha? Binadamu ana kitu kinapenda kuchokozwa. Akichokozwa kidogo na akapona, anajua yupo."

Nililitafakari. Nikakumbuka mimi na Zaina tunavyozunguka mikono imetanuka mpaka dunia inapinduka na tunaanguka, na tukipata nafuu tunaanza upya. Nikaona ana hoja. Ila hoja zenyewe ndizo nilizokuwa sizipendi. Mtu mwenye kosa akikupa sababu nzuri, mshuku mara mbili.

"Utamwambia?"

Nikapandisha mabega.

"Haya. Twende nyumbani," akasema. "Leo tunaburuta. Wewe utakuwa shahidi."

Akalishusha tawi, akalifunga nyuma, mafundo ya nguvu, akanikalisha kwenye bomba la baiskeli mbele yake. Zaina alitupita na kuni zake kichwani akapiga vigelegele. Tukaanza kushuka, pole pole kweli, tawi linalia nyuma, majani yanachanika. Tukapita kona. Tukapita kona nyingine. Nilikuwa nimefika mahali pa kuwaza kwamba labda sitasema kitu.

Kamba ilikuwa ya katani. Kila siku ilifungwa na kufunguliwa mahali palepale, na pale ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi. Nilisikia, pta. Kelele ya tawi ikakoma. Kimya kile, kimya cha tawi, ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Halafu upepo.

"Shika!" Hoza akasema. "Shika, mwanangu, usigeuke!"

Mikungu yote ilitusukuma kwa nyuma kama umati. Nikaona migomba inakuwa mstari mmoja wa kijani. Katambuga likaanza kuungua, ile harufu ikanijaa puani. Na tumbo langu likanyanyuka, likapanda, likakaa chini ya koo, palepale alipogusa. Nikasikia mtu anapiga kelele ya furaha, "Limepanda! Limepanda!" Kumbe ni mimi.

Tulisimama uani kwetu, kwenye tambarare, tairi la mbele limechimba vumbi. Mama alikuwa kwenye kigoda. Hakupiga kelele. Aliinuka, akatuzunguka, akaangalia nyuma ya baiskeli palipokuwa na kipande cha kamba kinaning'inia. Machozi yalikuwa yanamtoka na pilipili ilikuwa bado mkononi.

"Tawi liko wapi?"

"Kamba imekatika, Mama Rehema," Hoza akasema.

"Imekatika leo?"

"Leo."

Ilikuwa kweli. Mama akageuka akawaangalia mbuzi waliokuwa wamekuja mbio kama kawaida yao, wanatafuta majani. Akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Na hawa? Hawa wamenenepa kwa kamba iliyokatika leo?"

Nikaelewa kwamba kesi yangu haikuwa yangu peke yangu. Mama alikuwa akiyasoma yale majani tangu zamani. Nikataka kusaidia. Sijui nilitaka kumsaidia nani. Nikatoa hoja niliyopewa mlimani.

"Mama, lakini na wewe unapenda pilipili mpaka unalia."

Aliniangalia kana kwamba nimeongea lugha ya kigeni.

"Nani amekwambia nazipenda?"

Nikamwangalia Hoza.

"Mtu akikaa mlangoni kila siku analia, majirani watauliza kuna nini," akasema mama. "Akiwa na pilipili mkononi hawaulizi. Wanacheka, wanapita." Akaitupa ile aliyokuwa nayo. "Kila alasiri nakaa hapa nasikiliza matawi. Nasikia la huyu, la yule. Lako silisikii. Halafu unatokea, unacheka na maji. Hoza, mimi nilishapokea shati moja lenye damu. La pili sipokei. Bora niondoke nikiwa sijalipokea."

Akaingia ndani. Nikasikia begi linavutwa kutoka uvunguni, lile la safari, ambalo sasa nilikumbuka hakuwahi kulimaliza kulifungua.

Hoza alisimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeungua unyayo, katambuga limetoboka. Akalivua, akaliweka mbele ya mlango wa chumba, upande wa ndani, mahali ambapo mama asingeweza kutoka bila kulivuka. Halafu akarudi mlimani kwa miguu, mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Alirudi magharibi inaingia. Tulimsikia kabla hatujamwona. Khrrrr. Alikuwa amelifuata tawi mpaka lilipoangukia, akalivuta kwa mkono wake barabara yote hadi nyumbani, na watu waliokuwa wanatoka msikitini walisimama pembeni wakimshangaa mtu anayeburuta tawi bila baiskeli. Akalitua mlangoni. Halikuwa na jani hata moja. Mbuzi wakaja, wakalinusa, wakaondoka.

Mama alitoka akaliangalia. Halafu akaniambia, "Peleka kuni jikoni," na begi nikalisikia likirudishwa uvunguni.

Tangu siku ile tawi la Hoza lilifika fagio. Mbuzi wakarudi kuwa mbuzi wa kawaida, na Zaina akaniuliza kama tunawapa mchanga. Mama hakugusa pilipili tena, hata kwenye kachumbari alikuwa anaziondoa. Na Hoza macho yake yakawa meupe, mkono hautetemeki. Alikuwa akinywa maji kama maji. Nilipata nilichokuwa nakitafuta, mtu aliyenyooka, na kuna siku nilimwangalia anavyokunywa nikamwonea huruma. Nilianza kumwita baba wakati huo, na sitaeleza zaidi.

Mtu niliyebaki nikimshuku ni mmoja. Nilisoma kitabu cha biolojia sura nzima ya homoni, nikaelewa kwa nini moyo unadunda na viganja vinatoa jasho. Kitabu hakikusema kwa nini mwingine akidundwa na moyo anataka kukimbia na mwingine anataka kurudia. Hakikusema kama kitu hicho mtu anaweza kukirithi kutoka kwenye mgongo wa shati.

Likizo iliyopita nilitumwa Vugiri kumpelekea dawa bibi, mama yake Hoza. Kurudi nilipanda bodaboda ya kijana mmoja ambaye hata ndevu hana. Juu ya Mserereko akazima injini, kama wanavyofanya wote kuokoa mafuta, akaniuliza bila kugeuka, "Dada, niachie?" Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno ni fupi. Hata mtu mwenye aibu kama mimi analiweza.

Nilisema, "Achia."

Nilifika nyumbani naona kila kitu kimeoshwa. Mbuzi, migomba, kigoda mlangoni mwa jiko. Nikanywa maji ya mtungi na yalikuwa matamu, na mkono ulikuwa unatetemeka. Mama alikuwa ndani anakunja nguo. Aliniangalia machoni muda mfupi, akarudi kwenye nguo zake, akaniuliza bibi anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri.

Nilipokwenda kukaa kwenye kigoda ndipo nilipoviona chini, kwenye vumbi, vikonyo vya pilipili. Vilikuwa vibichi.

"Mama, nani amekula pilipili?"

"Nimetengeneza kachumbari," akajibu kutoka ndani. "Tuna wageni."

Hapakuwa na wageni. Nilifunua masufuria yote, hapakuwa na kachumbari. Kwenye bakuli ilikuwa imebaki pilipili moja. Nikarudi nayo mlangoni, nikakaa uso umeelekea barabara niliyoteremkia, nikaitafuna yote mpaka kikonyo, ili na mimi niwe na sababu.